Au pair Ujerumani ukitokea Mombasa: hatua kwa hatua, na yale masaa 30 usiyafanyie mchezo

Kila wiki napata meseji zile zile. Dada, naskia Ujerumani wanachukua wasichana wa kulea watoto, ni kweli? Mshahara ni ngapi? Kuna ejenti Mtwapa anataka laki na nusu, nimpe? Nimejibu mmoja mmoja mpaka nimechoka kurudia, kwa hivyo nimeandika yote hapa pahali pamoja, na ukiulizwa na mwenzako mtumie asome.

Mimi ni wa Likoni, nilienda nikakaa mwaka mzima nikarudi, nimekaa na familia mbili. Ya kwanza ilinishinda. Ya pili mpaka leo watoto wao hunitumia voisi na Kiswahili chao cha "jambo dada". Ninayokwambia hapa ni yale ambayo ningependa mtu angeniambia kabla sijapanda ndege.

Kabla hujatoa hata shilingi, elewa hili. Au pair si kazi ya nyumba. Neno lenyewe la Kifaransa, maana yake ni kwa usawa, yaani unakaa na wale watu kama mtu wa nyumbani mwao, unawasaidia na watoto na kazi ndogo ndogo, na wao wanakupa chumba, chakula, bima na hela ya matumizi. Dada wa kazi hapa Nyali ni mfanyakazi, ana Sheria ya Ajira ya 2007, ana siku yake ya kupumzika kila wiki, ana likizo ya siku 21 kwa mwaka, na kima cha chini kilichotangazwa 2024 kwa mji kama Mombasa ni shilingi 16,113.75 kwa mwezi (najua wengi hawalipwi hiyo na ni dhulma tupu, lakini sheria ipo na anaweza kwenda nayo ofisi ya leba). Wewe au pair huna mshahara, una euro 280 kwa mwezi za matumizi, basi. Ukienda na hesabu ya kujenga nyumba ya mama utaumia. Ngao yako kule ni masaa: yasizidi 30 kwa wiki, na kwa siku yasizidi 6. Hiyo 30 ijue kama unavyoijua namba yako ya simu.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Umri: ushatimiza 18, na siku unaomba visa hujafika 27. Ukishafika 27 mlango umefungwa, usidanganywe kwamba kuna njia.
- Pasipoti, au angalau karatasi zote za kuiombea.
- Cheti cha Kijerumani cha A1, yaani ngazi ya kwanza kabisa, ama uwe tayari kukisomea.
- Barua ya kuonyesha umewahi kukaa na watoto. Nasari, madrasa, chuo cha Jumapili, hata jirani uliyemlelea, bora mtu aandike na aweke namba yake.
- Pesa za pasipoti, masomo, mtihani, nauli za Nairobi, visa na mara nyingi tikiti ya ndege, manake familia hailazimiki kukulipia tikiti.
- Daftari dogo la jalada gumu. Utaona kazi yake mbele.

Hatua ya 1: Pasipoti

Omba kwa eCitizen, ile ya kurasa 34 ni shilingi 7,500, alafu siku yako ikifika unapeleka karatasi ofisi ya uhamiaji pale jumba la Uhuru na Kazi, Mombasa, na kupigwa picha. Hapa kinachokwamisha watu wa Pwani ni majina. Kwa ID wewe ni Mwanaisha, kwa cheti cha kuzaliwa Mwanaesha, kwa cheti cha shule Aisha. Rekebisha kwanza, kabla ya kitu chochote, kwa sababu hilo jina litakufuata kwa cheti cha Kijerumani, kwa mkataba na kwa visa, na ukija kugundua mwisho ni miezi imepotea.

Hatua ya 2: Kijerumani

Usiende na Kijerumani cha biichi. Najua wengi wetu tumekua Diani na Bamburi na tunaweza kumsalimia Mjerumani mpaka akacheka, lakini mtihani wa A1 una kusoma, kusikiliza, kuandika na kuongea, na watu wetu wanaangushwa na kuandika na kusikiliza. Unahitaji pointi 60 kwa 100. Hesabu miezi mitatu ya kusoma kila siku, hata kama unasomea nyumbani. Mtihani wa Goethe-Institut, ile taasisi ya lugha ya Wajerumani, unafanyiwa Nairobi, kwa hivyo panga nauli (treni ya SGR ya kawaida kutoka Miritini ni 1,500) na pahali pa kulala, usifike asubuhi ile ile na basi la usiku kichwa kikiwa kizito halafu uwekewe kaseti usikilize, hutaskia kitu.

Tena usiishie A1 kwa sababu cheti umepata. Mtoto wa miaka minne akilia huku anakuelezea kinachomuuma, ile A1 haitoshi, endelea kusoma mpaka siku ya kupanda ndege.

Hatua ya 3: Tafuta familia

Njia ni mbili. Ya kwanza unajisajili mwenyewe kwa saiti kama AuPairWorld, unaweka picha na barua yako, familia zinakuandikia. Ya pili ni ejenti. Ejenti wa Ujerumani kisheria haruhusiwi kumchaji au pair zaidi ya euro 150, sasa mpigie hesabu huyo wa Mtwapa na laki na nusu yake. Na ejenti wa hapa Kenya anayepeleka watu nje anatakiwa awe amesajiliwa na National Employment Authority, mamlaka ya ajira ya serikali, orodha yao iko kwa intaneti, angalia jina lake kabla hujakaa kwa kiti chake.

Angalia sana:
Ukiandikiwa na "familia" ya London inataka au pair kutoka Kenya, huyo ni mwizi. Uingereza ilifunga visa ya au pair tangu 2008. Na familia yoyote, iwe ya wapi, ikikwambia utume pesa kwa wakili wao au kwa "ofisi ya uhamiaji" ili barua itoke, kata mawasiliano. Hakuna hela ya visa inayopitia mkononi mwa familia, ada ya visa unalipa mwenyewe kwa ubalozi.
Na kama shangazi yako ameolewa Ujerumani, hawezi kukuita kama au pair. Ndugu hairuhusiwi, usijaribu kuficha.

Hatua ya 4: Video koli, na maswali ya kuuliza

Wengi wanaingia kwa video koli kama wanaomba msaada. Ni yes yes kila kitu. Na mimi nilifanya hivyo, mama wa ile familia akiuliza unaweza kupika, naweza, unaweza kufua, naweza, unaweza Jumamosi, naweza, na kila "naweza" niliyosema ilinirudia baadaye. Uliza na wewe. Watoto ni wangapi na wa umri gani, siku ya kawaida inaanza saa ngapi na kuisha saa ngapi, nani anapika, kuna au pair aliyekuwa kabla yangu na naweza kuongea naye? Hili la mwisho ndilo kubwa kuliko yote. Familia nzuri itakupa namba yake siku hiyo hiyo. Familia inayojizungusha, jiulize kwa nini.

Omba uonyeshwe chumba kwa simu. Kinatakiwa kiwe ndani ya nyumba yao, chako peke yako, na dirisha na hita, na kisiwe chini ya mita 8 za mraba, yaani karibu mita tatu kwa tatu kasoro kidogo. Chumba changu cha kwanza kilikuwa chini ya ardhi pamoja na mashine ya kufulia, kidirisha kimoja juu kabisa kinaonyesha miguu ya watu wakipita. Usiku mashine ikizunguka kitanda kinatetemeka.

Alafu sema mambo yako ya dini mapema, bila kuona haya. Mimi naswali, sili nguruwe, Ramadhani nafunga, je nitaambiwa nimpikie mtoto soseji ya nguruwe? Kuna mbwa ndani ya nyumba, analala wapi? Sikwambii uwakatae, familia yangu ya pili walikuwa na mbwa na tulielewana vizuri tu, lakini yasemwe kabla. Mtu akikasirika kwa swali hilo kwa simu, je ukishakuwa ndani ya nyumba yake na theluji iko mlangoni?

Hatua ya 5: Mkataba

Hapa tulia. Usisaini kwa sababu umechoka kungoja. Soma mstari kwa mstari, na kama Kijerumani chako hakijafika hapo, mpe mwalimu wako asome nawe. Hakikisha yote haya yameandikwa kwa namba, si kwa maneno matamu:

- Masaa 30 kwa wiki, yasizidi 6 kwa siku, na kumwangalia mtoto usiku wazazi wakitoka ni sehemu ya hayo masaa hata kama mtoto amelala.
- Siku moja na nusu ya kupumzika kila wiki, jioni 4 huru, na Jumapili nzima angalau moja kwa mwezi.
- Euro 280 kila mwezi, hata ukiugua, hata ukiwa likizo.
- Wiki 4 za likizo kama unakaa mwaka.
- Euro 70 kwa mwezi za kozi ya Kijerumani. Na nauli ya kwenda darasani, omba nayo iandikwe.
- Bima ya ugonjwa, ajali na uzazi, inalipwa na wao.
- Kila upande ukitaka kuvunja mkataba anatoa ilani ya siku ngapi. Kawaida ni 14.

Kazi zenyewe ziandikwe pia. Kuwapeleka watoto shule ya chekechea, kuwapa kifungua kinywa, chakula chepesi, kufua na kukunja nguo zao, kuweka sawa mahali wanapochezea, hayo ni ya au pair. Kumuuguza bibi mgonjwa si yako. Kuosha madirisha ya nyumba nzima na kufanya bustani si yako. Ukiona neno kama "na kazi nyingine kadiri itakavyohitajika", omba litolewe. Hilo neno moja ndilo lililonipeleka mimi kusafisha nyumba ya mama mkwe wa yule mama mwenye nyumba kila Alhamisi.

Hatua ya 6: Visa

Unaomba kwa ubalozi wa Ujerumani Nairobi, visa ya kukaa muda mrefu, ada ni euro 75 na unalipa kwa shilingi. Orodha ya karatasi ichukue kwa tovuti ya ubalozi wenyewe, usichukue ya group ya WhatsApp. Kwa kawaida ni pasipoti, mkataba uliosainiwa na pande zote mbili, cheti cha A1, historia yako ya masomo na kazi (CV), bima, na barua ya kueleza kwa nini unataka kwenda. Hiyo barua andika mwenyewe. Ukinunua iliyotengenezwa, dirishani utaulizwa kwa Kijerumani kile ulichoandika na utabaki mdomo wazi. Watakuuliza majina ya watoto, umri wao, mji gani, na utafanya nini mwaka ukiisha. Jibu polepole kwa sentensi fupi.

Majibu yanaweza kuchukua wiki nyingi, hata miezi, kwa sababu karatasi zako zinapelekwa mpaka ofisi ya wageni ya mji wa familia. Usiache kazi na usinunue tikiti mpaka visa iko kwa pasipoti.

Hatua ya 7: Kujitayarisha

Hii fupi. Koti la baridi nunua soko la Kongowea, huku Pwani makoti mazito hayana wateja utapewa kwa bei ya kutupa. Piga kopi ya pasipoti, visa na mkataba, moja mwachie mama, moja weka kwa simu. Beba hela kidogo zako za dharura ambazo familia haizijui, hata euro 150, za kulala mahali usiku mbili tatu kama mambo yameharibika.

Hatua ya 8: Wiki ya kwanza

Ndani ya wiki mbili uwe umejiandikisha kwa ofisi ya mji kwamba unaishi pale, familia inaenda nawe na inakupa karatasi ya nyumba. Alafu ofisi ya wageni, inaitwa Ausländerbehörde, kwa kibali cha kukaa kabla visa ya kuingilia haijaisha. Fungua akaunti ya benki yako, 280 iingie huko, manake pesa ya mkononi haina ushahidi. Kozi ya Kijerumani anza mwezi huo huo. Darasani ndiko utakutana na au pair wenzako, na hao ndio watakaokwambia kama unayofanyiwa ni ya kawaida ama sio. Ukikaa ndani tu utaona kila kitu ni kawaida.

Pasipoti inakaa kwako. Mtu akisema "nitakuwekea isipotee", mshukuru umwambie unayo pahali pazuri.

Hatua ya 9: Daftari

Kila usiku kabla ya kulala, andika umeanza saa ngapi na kumaliza saa ngapi. Jumatatu 6:30 mpaka 8:30, 15:00 mpaka 19:00, jumla 6. Andika kwa saa zao, si zetu, kwa sababu sisi saa moja yetu ni saba yao na ukija kuwaonyesha mtachanganyana (mimi wiki ya kwanza nilimngojesha mtoto shuleni kwa hilo hilo, mama yake aliniambia drei, yaani tatu ya kwao, nikaandika saa tatu). Jumamosi jumlisha.

Nakuomba sana usiiruke hatua hii, na sababu ni malezi yetu. Sisi tumefundishwa huwezi kukaa kitako mama mwenye nyumba anaosha vyombo. Unainuka, unachukua sponji, ni heshima. Siku ya kwanza anakwambia asante sana, wiki ya pili haongei, mwezi wa pili vyombo vinakungoja wewe na ukichelewa unaulizwa. Hakuna aliyekulazimisha, ulijipa mwenyewe kidogo kidogo. Sisemi uache heshima. Osha, lakini andika dakika 20 kwa daftari, na ikifika 30 kwa wiki unasema leo nimefika.

Daftari langu wiki moja ya Novemba lilionyesha 43. Nililiweka mezani jikoni, mama akasoma, akageuza ukurasa akasoma na wiki ya nyuma, akasema lakini wewe ulikuwa unafurahia kufanya. Na kweli nilikuwa natabasamu. Hatukuelewana mwisho wake, lakini lile daftari ndilo ejenti aliloliangalia, na ndani ya wiki mbili nikawa nimehama.

Mambo yakikwama

Wanakuzidishia masaa. Ongea kwanza, ana kwa ana, na daftari mkononi, si kwa kunung'unika. Sema mkataba ni 30, wiki hii ni 38, tupunguze wapi? Wengi hurekebisha, si watu wabaya wote. Wiki mbili zikipita bila mabadiliko, andikia ejenti, na kama huna ejenti anza kutafuta familia nyingine.

Hutolewi kwenda darasani. Hiyo usivumilie hata mwezi. Kozi ni sehemu ya sababu uliyopewa visa.

Unataka kuhama familia. Inawezekana. Toa ilani kwa maandishi, tafuta familia mpya haraka, na uiarifu ofisi ya wageni mapema kabla hujahama. Mwaka wako hauanzi upya, unaendelea pale ulipofika. Usitoroke usiku ukapotelea kwa rafiki, hapo kibali chako kinaingia mashakani na kosa linakuwa lako.

Wamekutoa nje ghafla. Kuna ilani, huwezi kutupwa siku hiyo hiyo kwa ugomvi tu. Onyesha mkataba, mpigie ejenti, na kama uko barabarani kweli, piga polisi 110.

Mtu wa nyumba anakushika, anakutishia, ama amekunyang'anya pasipoti. Usingoje ilani na usiogope kwamba umekosa adabu. Ondoka. Namba 116 016 ni ya bure, usiku na mchana, ni ya wanawake waliofanyiwa ukatili na unaweza kupata mtu wa kuongea lugha nyingine kama Kiingereza. Ihifadhi kwa simu kabla hujapanda ndege, ukiiandika "Shangazi" hakuna atakayejua.

Umeugua. Nenda daktari, bima iko, na 280 yako haikatwi. Ukikatwa, rudi kwa mkataba.

Mwaka unaisha na hutaki kurudi. Au pair haifanywi mara mbili Ujerumani, na mwaka mmoja ndio mwisho. Wengine huingia mwaka wa kujitolea, wengine hutafuta nafasi ya kusomea kazi, hasa uuguzi, na huko mara nyingi wanataka Kijerumani cha B1, yaani ngazi mbili juu ya A1, kwenda juu. Anza kuandika barua mwezi wa sita ukiwa pale, ukingoja wa kumi na moja kibali kitaisha barua bado ziko njiani.